Tarumbeta Iliponyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio kabla ya kupewa kinanda. Padri Paroko wa parokia yetu hapa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma ya Kongo, alinipokea mlangoni mwa kanisa, akavitazama viatu vyangu vilivyojaa vumbi la safari ya kutoka Karagwe, kisha akanyoosha kidole juu, kwenye roshani iliyo nyuma ya kanisa, juu kabisa ya mlango mkuu.

"Kinanda iko kule," akasema. "Lakini kwanza toa ndege."

Alisema kweli. Ndege walikuwa wamejenga ndani ya filimbi, na panya walikuwa wametafuna ngozi ya mivukuto. Filimbi kadhaa hazikuwapo kabisa. Wakati wa vita watu walizing'oa, sijui kwa kupikia nini. Nilifagia hadi mchana, nikakaa kwenye benchi, nikabonyeza kibao cha kwanza. Hakikulia. Cha pili kilitoa sauti ya mzee anayekohoa. Nikajiambia, Spesioza, umerudi nchi ya wazazi wako, usianze kulia siku ya kwanza.

Ninyi vijana mnaopiga vinanda vya umeme vya kubeba begani, lazima niwaeleze kidogo. Kinanda chetu kina filimbi za bati na za mbao, nyingine ndefu kuliko mtu, nyingine fupi kama kalamu. Upepo hutoka kwenye mivukuto, mifuko mikubwa ya ngozi kama ile ya mhunzi. Ukibonyeza kibao, tundu la filimbi yake hufunguka na filimbi hulia. Pembeni pana vishikio vya mbao tunavyoviita rejista: ukivuta kimoja unapata sauti nyororo, ukivuta vyote madirisha yanatetemeka. Chini kuna pedali, vibao vya kukanyagwa kwa miguu, vya sauti nzito. Kwa hiyo mpiga kinanda hufanya kazi kwa mikono na miguu, amewapa watu mgongo, na watu wamempa yeye mgongo. Kuona kinachoendelea altareni ana kioo kidogo tu, kimefungwa juu ya noti, kama kile cha dereva.

Mota ya kuvukutia ilikuwa imekufa, na hata ingekuwa hai, umeme wa siku hizo ulikuja ulipojisikia. Upepo wangu ulitoka kwenye mikono ya Gaspari, mkulima wa viazi kutoka Nyakiriba, mtu mzima mwenye mvi, aliyesimama nyuma ya kinanda akishusha na kupandisha gogo la mbao. Vita vilimwachia Gaspari shamba na mikono. Mke na watoto havikumwachia. Hakuwa msemaji. Nikimwambia "Vukuta," alivukuta. Nikimwambia "Basi," aliacha.

Kazi yenyewe nilifundishwa Karagwe, nilikozaliwa ukimbizini. Sista Mwalimu wa Muziki, mwanamke mrefu mwenye vidole vikavu, alinifundisha kwa miaka mingi, na alikuwa na usemi mmoja ambao aliurudia kila nilipojitutumua: "Mpiga kinanda akionekana, ujue amekosea." Kwaya ikiimba vizuri, inasifiwa kwaya. Bibi harusi akiingia kwa madaha, anasifiwa bibi harusi. Ukikosea noti moja, hapo kanisa zima linageuka kukutazama. Nilikua nikiamini usemi ule. Nilipofika umri wa kuelewa maana yake, nikauchukia.

Parokia ilinipa chumba Rugerero na kazi ya kila namna. Jumapili misa mbili, Jumamosi ndoa, siku yoyote mazishi. Mara nyingine nilipelekwa Kanama, kwenye santarali, yaani kigango kwa sisi tuliokulia Tanzania, na huko nilipiga kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu kilichosafirishwa kwa gari la padri juu ya magunia ya maharagwe. Lakini hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Waasi walikuwa wakishuka usiku kutoka milimani, barabara ya Kanama ilifungwa mara kwa mara, na watu wakawa wanakuja kanisani wakikaa karibu na milango.

Padri Paroko ndiye aliyeanzisha desturi ambayo msomaji aikumbuke, maana nitairudia. Aliniita sakristia mwezi wangu wa kwanza. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, aliyesoma Roma na kuzungumza nami Kiswahili cha mpakani, cha 'batu' badala ya 'watu' na 'donc' badala ya 'kwa hiyo', kwa sababu Kinyarwanda changu kilimchekesha.

"Mwalimu, batu ya hapa bengi habana hata kaburi ya kwenda kulilia," aliniambia. "Donc, kisha komunyo, kwaya inyamaze. We piga kinanda peke yake, pole pole. Kila mutu apige magoti, akumbuke bake."

Tukafanya hivyo kila Jumapili. Kwaya ilinyamaza, nikavuta rejista moja laini, nikapiga, na nyuma yangu nilisikia mabenchi yakilia watu wanaposhuka kupiga magoti. Mabenchi yale ni ya mbao nzito, yana mlio wake. Sikuwahi kufikiri kwamba huko ni kusikilizwa. Watu walikuwa wakisikiliza ya kwao, mimi nilikuwa kama mvua juu ya bati.

Sasa nije kwenye konseto.

Padri Paroko alikuwa anakaribia jubilei yake ya upadri, na tangu Roma alikuwa na ndoto moja. Akaniletea noti zilizokuwa zimekaa sandukuni mwake mpaka zikawa na rangi ya chai. Ilikuwa konseto ya tarumbeta na kinanda, muziki wa enzi ya Baroko, wakati ambapo mabwana wa Ulaya walivaa nywele za bandia na kuwalisha wanamuziki jikoni pamoja na wapishi. Konseto ni mazungumzo: chombo kimoja kinatangulia mbele, na vingine vingi vinakijibu. Hapa vile vingi vyote vimewekwa katika kinanda. Fidla ni mimi, besi ni mimi, kila anayejibu ni mimi. Na anayetangulia mbele ni tarumbeta.

Niliisoma usiku huohuo kwa mshumaa, vidole vikicheza juu ya meza. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ya haraka, na kinanda kinaanza peke yake kumfungulia tarumbeta mlango. Ya tatu ya haraka pia, kama watu wanaokimbilia karamu. Lakini ya pili ni ya polepole, yenye huzuni, na nilipofika pale nikausogeza mshumaa karibu. Kwenye mstari wa tarumbeta hapakuwa na noti hata moja. Kimya, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tarumbeta za zamani hazikuwa na vifungo vya kubonyeza, sauti zake zilikuwa chache na za shangwe tu, kwa hiyo watunzi walikuwa wakiipumzisha katika sehemu ya huzuni na kuwaachia wengine. Sehemu ile yote ilikuwa yangu.

Niwaambie wazi nilichokitaka, ili msinifikirie mtakatifu. Nilitaka wageuke. Tangu nilipokuwa msichana nimepiga nyuma ya migongo ya watu. Nilitaka siku moja, tarumbeta ikinyamaza, watu wajiulize sauti hii nzuri inatoka wapi, wageuze shingo, watazame juu kwenye roshani, wanione nimekaa pale na sijakosea kitu.

Mpiga tarumbeta aliletwa na Padri mwenyewe. Aliitwa Saidi, baba yake Mwislamu wa hapa, mama yake Mkatoliki wa Goma, na yeye aliishi huku na huko, akivuka mpaka kila siku kama watu wa nyanya na unga. Alikuwa amejifunza tarumbeta katika fanfari, bendi ya kupiga matembezini, huko Goma. Nilipomwona na koti lake la vifungo vya shaba nikafurahi kimoyomoyo. Jogoo la shamba haliwiki mjini, nikasema.

Likawika. Ee Mungu wangu, likawika! Alisimama katikati ya kanisa tupu, akavuta pumzi, akapiga sauti moja ndefu ya juu, safi, isiyotetemeka, na wanawake waliokuwa wakipanga maua altareni wakaacha maua yao. Mmoja akapiga impundu, vile vigelegele vya huku. Mimi nilikuwa nimefagia kinyesi cha ndege kwa ajili ya kanisa lile, nimeziba mivukuto kwa ngozi ya mbuzi na gundi, na hakuna aliyewahi kunipigia hata kofi.

"Bonjour, Mwalimu," akaniita kutoka chini, meno yote nje. "Kinanda yako iko juu kidogo, ao trompette yangu njo iko chini?"

"Kinanda hakimfuati mtu," nikamjibu. "Sukuma bomba lako ndani."

Huo ni ukweli wa kazi. Filimbi zikipata joto sauti hupanda, zikipoa hushuka, na huwezi kuziambia kitu. Anayepiga pamoja na kinanda lazima arefushe au afupishe bomba la tarumbeta yake mpaka sauti zikutane. Lakini yawezekana nilimwambia kwa ukali kuliko ukweli ulivyohitaji.

"Bon, nitasukuma," akasema, akasukuma, akacheka. Mtu yule hakuwa na kasirani hata kidogo. Ndicho kilichoniudhi zaidi.

Tulifanya mazoezi majuma mengi, mchana, ili awahi kurudi kabla mpaka haujafungwa. Alijifunza upesi. Mimi nilikesha na pedali zangu mpaka vifundo vya miguu vikavimba, yeye alikuja akitafuna karanga, akapangusa mdomo, akapiga bila kosa. Habari zikaenea mjini. Wanajeshi waliokuwa zamu karibu na kanisa waliingia kusikiliza. Wafanyabiashara waliorudi kutoka Uganda walileta wake zao. Wakiondoka walimshika mkono Saidi. Mimi nilikuwa nashuka ngazi na noti zangu kwapani, wakanipisha kama wanavyompisha mtu wa kufunga madirisha.

"Nani anapiga huku juu?" nilimsikia mke mmoja akimuuliza mumewe.

"Iko mashine," mume akajibu.

Nilifika Rugerero sikula. Wivu, wanangu, ni kama moshi wa kuni mbichi: unaziba koo lako wewe uliyekaa karibu, aliye nje hana habari. Siku iliyofuata nilivuta rejista zote katika sehemu ya kwanza, nikamfunika kabisa. Saidi akashusha tarumbeta, akatazama juu kwa mshangao wa kweli.

"Weeh, Mwalimu! Leo kinanda imekula pilipili?"

Gaspari, ambaye alikuwa hacheki kamwe, alicheka nyuma ya gogo lake. Hata Gaspari!

Lakini niliyavumilia yote kwa sababu ya sehemu ya pili. Ilipofika, Saidi alikaa kwenye benchi, akamwaga mate ya tarumbeta yake, akasikiliza, na mimi nikapiga. Kila siku nilijiambia: waache wamshangilie, zamu yangu iko katikati.

Siku moja, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya jubilei, nilikuwa katikati ya sehemu ile nikasikia sauti ya pili. Saidi alikuwa amesimama. Alikuwa ameishika sauti yangu ya juu kabisa, ile inayobeba wimbo, anaipiga taratibu kwa tarumbeta, bila noti, kwa masikio tu. Niseme nini? Ilikuwa nzuri. Ningependa kuwaambia kwamba ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri sana, na vidole vyangu, vyenye wimbo uleule, vikawa ghafla vya kusindikiza.

Na bahati yangu ilivyo, Padri Paroko alikuwa akipita. Akasimama katikati ya kanisa, mikono juu.

"Voilà! Njo vile tutafanya!"

Nilishuka ngazi mbio kuliko umri wangu. "Padri, imeandikwa tarumbeta inyamaze."

"Mutu aliandika iko wapi?"

"Alikufa zamani sana, Padri."

"Donc hatakasirika." Akanishika bega. "Mwalimu, sikia. Askofu anakuja, bakubwa banakuja. Batu banakuja kusikia trompette. Ikinyamaza pale katikati, batasema imeharibika."

"Basi tafuta mpiga kinanda mwingine."

Akanitazama, si kwa hasira. "Katika Gisenyi yote, nitamutoa wapi?"

Ndivyo nami nilivyokuwa nawaza, na yeye alijua kwamba najua. Alijua pia kwamba siwezi kukiacha kinanda kile kikapigwa na hewa. Mtu akikuhitaji hivyo ni kama amekufunga kamba. Nikamgeukia Saidi, nikitaka aseme kitu, akatae, apigane na mimi angalau. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mi nilikuwa najaribu tu, Mwalimu," akasema.

"Umejaribu, umepata," nikamwambia, nikarudi juu kufunga kinanda.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa kama sikuwahi kuliona. Watu walitoka Kanama kwa miguu kwa sababu barabara ilikuwa wazi juma lile. Walitoka Nyakiriba, walitoka Goma na vitenge vipya. Askofu alikaa mbele kwenye kiti chekundu, pamoja na maofisa wa jeshi na wa polisi. Baada ya misa Padri Paroko akatangaza konseto, na Saidi akasimama mbele, chini ya ngazi za altare, kwenye koti lake la vifungo vya shaba. Kati yake na mimi lilikuwapo kanisa zima. Nilimwona kwenye kioo changu, mdogo kama kidole.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Impundu zikapigwa, Askofu akapiga makofi, Padri Paroko akawa anafuta jasho kana kwamba yeye ndiye aliyepiga. Mimi nikabadilisha rejista. Nikaacha moja tu, ile laini, maana sehemu ya pili inaitaka hiyo, na nikaanza huku nimeuma meno, nikingoja tarumbeta iingie ininyang'anye.

Haikuingia. Nikatazama kioo. Saidi alikuwa ameishusha tarumbeta, ameikumbatia kifuani. Padri Paroko alikuwa akimwashiria kwa kichwa, kwa bega, kwa mkono aliodhani ameuficha chini ya kanzu. Saidi alitikisa kichwa, akatulia.

Nilielewa kwamba nimerudishiwa. Nikanyoosha mgongo, nikapiga kama sijawahi kupiga, nikingoja shingo zigeuke.

Badala yake nikasikia mabenchi.

Yalianza nyuma, chini yangu, mlio mmoja, kisha miwili, kisha kanisa lote. Tarumbeta imenyamaza, kwaya imenyamaza, kinanda kinalia peke yake, polepole, kwa rejista laini. Magoti ya watu wale yalijua maana yake. Hayakungoja kuulizwa kama ni misa au ni konseto. Wanawake wa Kanama walipiga magoti, wauza samaki wakapiga magoti, wake za wafanyabiashara walitazamana, wakashuka nao. Maofisa waligeuka, lakini hawakunitazama mimi. Waliwatazama watu waliopiga magoti, wakavua kofia. Askofu naye akainuka kwenye kiti chekundu, akashuka. Hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Kila mmoja alikuwa na wake. Na mimi, Mungu anisamehe au asinisamehe, shauri yake, nikawaonea wivu hata wafu.

Hapo upepo ukaanza kuisha. Sauti ikawa inazama chini ya vidole vyangu kama mtu anayetaka kuzimia. Nikageuza kichwa. Gaspari alikuwa amepiga magoti nyuma ya kinanda, mikono usoni.

"Gaspari! Vukuta!"

"Na mimi niko na bangu, Mwalimu," akasema.

Nilikuwa nimefanya kazi na mtu yule kila siku ya Mungu, na ilikuwa mara ya kwanza kunijibu kitu. "Ninajua, mzee wangu," nikasema. "Vukutia hapohapo."

Akalishika gogo akiwa magotini, akalivuta kwa uzito wake wote, na upepo ukarudi, na sauti iliyokuwa imezama ikapanda tena. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, mimi juu ya benchi, yeye chini, machozi yakimtiririka. Yangu siyasemi.

Sehemu ikaisha. Hakuna aliyeinuka. Kanisa lote lilikuwa chini, kimya, na mimi sikujua kama ninaweza kuendelea na muziki wa karamu juu ya migongo ile. Nikatazama kioo. Saidi naye alikuwa amepiga goti moja. Akainuka polepole, akaweka tarumbeta mdomoni, akanitazama kule juu, akavuta pumzi, na kwa pumzi hiyo nikajua ni wakati. Tukaanza sehemu ya tatu. Watu wakainuka mmoja mmoja, wakijifuta nyuso, wengine wakicheka kwa aibu, na tulipomaliza impundu zilitoka nje mpaka barabarani.

Nilimkuta sakristia akifunga tarumbeta yake kwa kitambaa.

"Midomo ilichoka?" nikamuuliza.

"Apana. Midomo ilikuwa muzima." Akakaza fundo la kitambaa. "Nilisikia vile ulianza, Mwalimu, njo nikaona nikitia yangu nitaharibu. Na ile kilio ya katikati, ile sauti ilianguka kisha ikapanda, uliifanya je?"

"Ni kazi," nikamwambia.

Ni vigumu kumwonea wivu mtu mwema, lakini nilijitahidi nikaweza. Kwa maana mji ulipoanza kusimulia siku ile, ulisimulia nini? Kwamba watu walikuwa wamelala chini kwa huzuni, na tarumbeta ya Saidi ikawainua. Nilisikia hivyo sokoni, nikasikia hivyo Rugerero kwenye foleni ya maji, nikasikia hivyo kwa Padri Paroko mwenyewe, ambaye alihamishwa baadaye akaenda akisimulia hivyohivyo. Ametuinua, ametuinua! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kabla ya kuinuliwa walishushwa na nani.

Niliendelea na kazi chini ya maparoko wengine. Mmoja alipenda ngoma, mwingine alipenda kimya, mwingine alinunua mota mpya. Gaspari alifariki kabla ya mota kufika, na nilimpigia mwenyewe kwenye mazishi yake, mtu mwingine akivukuta. Vidole vyangu vikaanza kukaza asubuhi za baridi. Nikaomba kupumzika.

Siku ya kuniaga parokia ilinifanyia jambo kubwa, siwezi kukana. Walinipa ng'ombe, walinivisha mushanana mpya, vazi la heshima la wanawake wa huku. Lakini msema-chochote wa sherehe, kijana mzuri aliyezaliwa baada ya mambo haya, alisimama mbele na kipaza sauti akasema, "Huyu mama tunayemuaga leo ndiye alimsindikiza yule mzee wa tarumbeta!" Na watu wakapiga makofi, wakageuza shingo zao wote kwa pamoja, kumtafuta Saidi.

Alikuwapo, ndiyo. Alikuwa amekuja kutoka Goma na fimbo. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, na tarumbeta haimtaki kibogoyo. Alinitazama, akatikisa kichwa, akataka kusema kitu, nikamwinulia mkono akae.

"Mwalimu, tupigie kidogo ya mwisho," msema-chochote akasema.

Nikapanda ngazi taratibu. Sikutangaza kitu. Nikavuta rejista moja, ile laini, nikaanza sehemu ya pili. Mwanzoni nilisikia minong'ono na simu za vijana. Kisha, chini yangu, karibu na mlango, benchi moja likalia. Likafuata la pili. Vijana hawakujua kwa nini wazee wanashuka, lakini wakashuka. Kwenye kioo nilimwona Saidi akiegemea fimbo yake, akilitafuta goti la kupiga, akalipata.

Nilikwenda polepole kuliko ilivyoandikwa. Kwenye zile noti za juu nilikawia nilivyotaka. Sikuwa na haraka, kwa sababu siku hiyo hapakuwa na tarumbeta ya kuwainua. Iliwabidi waningoje mimi.